Lusuku, Mkeka na Uzi: Historia ya Nyumba Zetu Hapa Kasubi

Tukifundisha historia, mara nyingi huwaeleza watoto habari za wafalme, vita na mikataba. Hayo ni muhimu na wanafunzi wanapaswa kuyajua. Lakini kuna historia nyingine ambayo haimo sana katika vitabu vya shule, nayo ni historia ya nyumba: watu walikula nini, walivaa nini, walilalia nini, na mkono wa nani ulikitengeneza. Leo, insha Allah, tuitazame historia hiyo tukianzia hapa hapa tulipo, Kasubi.

Nina sababu ya kuileta mada hii. Katika darasa letu la madrasa niliwauliza watoto: "Katika vitu vyote vilivyomo nyumbani kwenu, ni kipi kilichotengenezwa na mtu wa nyumba hiyo?" Walifikiri kwa muda mrefu. Mmoja akataja vitambaa vya makochi alivyofuma jjajja yake. Mwingine akataja nakati iliyopandwa ukutani kwa nyuma. Wengi hawakupata jibu. Miaka mia moja na hamsini iliyopita, mtoto wa kilima hiki angeulizwa swali hilo, angeshindwa kutaja kitu ambacho hakikutengenezwa nyumbani au kwa jirani. Tumefikaje hapa? Na tumebakiwa na nini mkononi?

KILIMA CHETU NI SHAMBA

Wageni wanaokuja Kasubi huja kuona makaburi ya Makabaka. Kabaka Suuna II alijenga jumba lake kwenye kilima hiki, na mwanawe Muteesa I akajenga la kwake mwaka 1882. Muteesa alipofariki mwaka 1884 alizikwa humo, na baada yake wakazikwa Mwanga II, Daudi Chwa II na Edward Muteesa II. Mwaka 2001 shirika la UNESCO liliingiza mahali hapa katika orodha ya urithi wa dunia. Tarehe 16 Machi 2010 nyumba kuu, Muzibu-Azaala-Mpanga, iliungua. Ikajengwa upya kwa miaka mingi, na mwaka 2023 UNESCO ikaliondoa eneo hilo katika orodha ya urithi ulio hatarini.

Sisi Waislamu tuna mafundisho yetu kuhusu makaburi, na hayo tunayasoma katika somo la tawhidi. Hapa tunalizungumzia eneo hili kama historia ya watu na ya mji. Jambo ambalo wageni wengi hawalioni ni hili: eneo hilo lina ukubwa wa karibu hekta 30, na sehemu yake kubwa si nyumba wala makaburi. Ni shamba. Kuna migomba, kuna miti ya mutuba, na linalimwa kwa njia za kale. Kinamama wanaolinda mahali hapo wamekuwa wakisuka mikeka kwa mikono yao. Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukitaka kujua nyumba ya Muganda ilikuwaje zamani, acha kidogo kulitazama paa lile kubwa la nyasi na uangalie kilicho nyuma yake.

LUSUKU: CHAKULA NA NGUO KATIKA UWANJA MMOJA

Nyumba ya Buganda ilizungukwa na lusuku, yaani shamba la migomba. Mgomba hauvunwi ukaisha. Unapokata mkungu, machipukizi yapo chini yanangoja zamu yao. Lusuku lililotunzwa vizuri laweza kulisha nyumba kwa miaka hamsini na zaidi, hata mtoto akakua, akaoa, na akaendelea kula kwenye shina la babu yake. Kila mgomba una jina lake na kazi yake. Kuna matooke ya kupika kama nakitembe na mbwazirume, kuna gonja ya kuchoma, kuna ndiizi na bogoya za kuliwa zikiiva. Majani yake ndiyo sufuria: matooke hufungwa ndani yake yakaiva kwa mvuke. Nyuzi za shina zikawa kamba na vikapu. Katikati ya migomba palikuwa na mboga: nakati, dodo, bbugga, na entula, ambazo ndugu zetu wa Tanzania huziita nyanya chungu.

Katika lusuku hilo hilo ilipandwa mitu ya nguo. Mutuba ni mti wa jamii ya mikuyu. Wakati wa mvua gome lake la ndani huchunwa, kisha hupigwa kwa nyundo za mbao za aina mbalimbali, muda mrefu, hadi linakuwa laini na pana, lenye rangi ya udongo mwekundu. Hiyo ndiyo lubugo, nguo ya gome. Baada ya kuchunwa, shina la mti hufungwa kwa majani ya mgomba ili lisikauke, na gome jipya huota. Mti mmoja huchunwa tena na tena kwa miaka mingi. Tazama mpango huo: mgomba unamlisha mtu, na jani lake linamponya mti unaomvisha mtu huyo huyo. UNESCO ilitambua ufundi huu wa lubugo mwaka 2005 kama urithi wa wanadamu wote.

Tugawane sawa katika kueleza kazi hizi. Kupiga lubugo kulikuwa kazi ya wanaume, hasa wa ukoo wa Ngonge. Lakini lusuku lilikuwa la mwanamke. Yeye ndiye aliyepalilia, akakata, akamenya, akapika, na usiku akasuka mkeka. Chakula kilichowalisha askari na wajumbe wote wa Kabaka kilitoka katika mikono ya wanawake, na wengine miongoni mwao walikuwa mateka wa vita waliofanya kazi bila hiari yao. Majina ya machifu yameandikwa. Ya wanawake hao hayakuandikwa.

WAGENI KUTOKA PWANI

Mwaka 1844, wakati wa Kabaka Suuna II, alifika Buganda mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim. Yeye na waliomfuata walikuja kwa njia ya Tabora, wakitafuta pembe za ndovu na, lazima tuseme ukweli, watumwa pia. Kupitia wao Kabaka na watu wake walisikia habari za Qur'an. Muteesa I alijifunza kusoma Kiarabu na Kiswahili, na kuanzia mwaka 1867 akafunga Ramadhani kwa takriban miaka kumi. Baadaye aligeuka, na mwaka 1876 vijana Waislamu waliokataa kula nyama aliyochinja Kabaka wakauawa Namugongo. Habari hizo tunazifundisha kila mwaka.

Lakini misafara ile haikuleta dini na bunduki tu. Ilileta pia vitu vya nyumbani, na ushahidi wake tunao midomoni kila siku. Watoto wanaojua Luganda na Kiswahili wafanye zoezi hili. Luganda husema essowaani, Kiswahili sahani. Ekikompe ni kikombe. Ekijiiko ni kijiko. Emmeeza ni meza. Ettaala ni taa. Essabbuuni ni sabuni. Essuuka ni shuka, na ekitambaala ni kitambaa. Kisha watoke nje ya nyumba waende bustanini: ennyaanya ni nyanya, eppaapaali ni papai, omuyembe ni mwembe, entangawuuzi ni tangawizi, omuceere ni mchele. Hata omukeka ni mkeka. Tangu zamani watu wa hapa walisuka, lakini jina hili limetembea kutoka pwani, ambako kinamama husuka ukili wa ukindu kisha wakaushona kuwa mkeka. Na mkindu huo huo unaota huku kwetu, Waganda hutumia makuti yake machanga, hupaka rangi na kusuka. Mama wa Kasubi na mama wa Pemba wakikaa pamoja, hata kama hawaelewani lugha, mikono yao itaelewana.

Kitu kilichobadilisha nyumba kuliko vyote ni kitambaa cha pamba. Kilichokuja kwa wingi kilikuwa kitambaa cheupe kisichopakwa rangi, kilichofumwa kwa mashine huko Marekani, na ndiyo sababu watu wa pwani walikiita marekani. Kanzu ikawa vazi la heshima, kwanza kwa watu wa ikulu, kisha kwa kila mtu. Leo kanzu huvaliwa na Waganda wa dini zote, na kwenye kwanjula hakuna bwana harusi asiyeivaa. Hata maziko yakabadilika. Waganda walimzika maiti kwa lubugo iliyotoka katika lusuku lake mwenyewe. Waislamu wakamzika kwa sanda nyeupe ya pamba, na sanda hiyo ilibidi inunuliwe.

Hapo ndipo nyumba yetu ilipoanza kugawanyika vipande viwili. Chakula kilibaki nyumbani. Nguo ilihamia dukani, na tangu wakati huo haijarudi.

ARDHI, KODI NA PAMBA

Mwaka 1900 ulisainiwa Mkataba wa Buganda kati ya Waingereza na machifu. Mambo mawili ndani yake yaligusa kila jiko. La kwanza ni kodi ya nyumba, rupia tatu kwa mwaka. Lusuku haliwezi kuzaa rupia, na mtoza kodi hapokei matooke. Ikabidi kila nyumba itafute zao la kuuza. Mwaka 1903 Kristen Borup, mmisionari, alileta mbegu za pamba, na mwaka 1904 pamba ya kwanza ikauzwa nje. Haikupita miaka mingi pamba ikawa zao kuu la nchi. Ajabu yake ni kwamba wazee wetu walilima pamba, ikapelekwa ng'ambo, ikafumwa huko, ikarudi kuuzwa kwao ikiwa kitambaa. Baadaye, katika miaka ya 1950, kiwanda cha nguo kikajengwa Jinja karibu na umeme wa bwawa la Owen Falls. Lakini hadi leo sehemu kubwa ya pamba ya Uganda huuzwa nje kabla ya kusokotwa uzi.

La pili ni ardhi. Mkataba uligawa ardhi ya mailo kwa machifu, na walio wengi kati yao walikuwa Waprotestanti na Wakatoliki. Baada ya vita vya dini vya 1888 hadi 1890, Waislamu walikuwa wameshindwa. Prince Nuhu Mbogo, yeye na wafuasi wake, walipewa maili za mraba 24, na uchifu wa saza moja tu, Butambala, ukabaki kwa Mwislamu. Kwa hiyo Waislamu wengi wakaishi kwenye vibanja katika ardhi za wengine, au wakaingia katika kazi zisizohitaji shamba kubwa: uchinjaji, biashara ndogondogo, ushonaji, na baadaye udereva. Ukiona Mwislamu wa Kampala ana bustani ndogo na biashara ndogo, usidhani ni tabia tu ya watu. Kuna mkataba nyuma yake.

KUFUMA KULITOKA WAPI?

Sasa tufike kwenye uzi na sindano. Hapa Uganda, kufuma kwa sindano mbili na kwa kroshia kulienea kupitia shule za wamisionari na baadaye vikundi vya kinamama. Shule ya wasichana ya Gayaza ilifunguliwa mwaka 1905, na kazi za mikono zilikuwa sehemu ya masomo ya wasichana wa enzi hizo. Miaka ya 1950 serikali ilihimiza klabu za wanawake vijijini, ambako walifundishwa mapishi, usafi, kushona na kufuma. Wazazi wengi wa Kiislamu walikuwa wakiogopa shule za wamisionari kwa sababu ya dini ya watoto wao, na hofu yao haikuwa bure. Hivyo kwa familia nyingi ufundi huu ulipita nyumba hadi nyumba, shangazi kwa mpwa, jirani kwa jirani, na matunda yake tunayaona: vitambaa vya meza na makochi, sweta la mtoto mchanga, na kofia za kufuma wanazovaa wanafunzi wetu kila Ijumaa.

Kwa sababu ya njia hiyo, wengine hudhani kufuma ni jambo la kizungu. Wanafunzi, sikilizeni vizuri hapa. Miongoni mwa vipande vya kale kabisa vya ufumaji wa sindano vinavyojulikana duniani ni soksi za pamba zilizopatikana Misri, za kati ya karne ya 11 na ya 14, wakati wa utawala wa Kiislamu. Zimefumwa kwa nyuzi nyeupe na za rangi ya nili, na baadhi zina mapambo yanayofanana na maandishi ya Kiarabu. Na huko Hispania, katika kaburi la mwana wa mfalme wa Kikristo, Fernando de la Cerda, aliyefariki mwaka 1275, ulikutwa mto uliofumwa kwa uhodari mkubwa, na pembeni yake lipo neno la Kiarabu lenye maana ya baraka. Aliyeufuma, kwa ushahidi wa kazi yake, alikuwa fundi wa Kiislamu. Wanahistoria wengi wanaona kuwa ufundi huu uliingia Ulaya kwa njia hiyo, kutoka nchi za Kiislamu kupitia Hispania.

Basi sindano zile zilizofika Buganda na wamisionari zilikuwa zimeshapita mikononi mwa Waislamu karne nyingi kabla. Binti wa madrasa anapofuma kofia hajamuiga mtu. Na hapa Afrika Mashariki tunao ufundi mwingine wa jirani yake, kofia ya viua ya Zanzibar na Lamu, inayotobolewa na kushonwa kwa sindano tundu kwa tundu, kazi ya wiki nyingi au hata miezi.

MIAKA YA SHIDA ILITUFUNDISHA NINI

Agosti 1972 Rais Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia, akawapa siku 90. Maduka, viwanda na mashamba ya miwa yakapewa watu ambao wengi wao hawakuwa na uzoefu, na mji ukawaita mafuta mingi. Haukupita muda sukari, chumvi, sabuni na nguo vikawa adimu. Bei ya serikali ilikuwa moja na bei ya magendo ilikuwa nyingine. Wazee wetu hapa husimulia kwamba watu walipanga foleni kwa kipande cha sabuni, na waliokosa walifua kwa majani ya mpapai. Sweta la mtoto mkubwa lilifumuliwa, uzi ukaoshwa na kunyooshwa, likafumwa upya kwa mtoto mdogo.

Tazama kilichokosekana na kilichobaki. Kilichokosekana ni vile vyote vilivyokuwa vimehamia dukani. Kilichobaki ni lusuku na mikono inayojua kazi. Wengi wa watu wa mji huu walilima kila kipande kilichokuwa wazi, hata kando ya barabara na kwenye mabonde. Utafiti uliofanywa Kampala katika miaka ya 1990 na kuchapishwa mwaka 1998 ulionyesha kuwa watoto wadogo wa kaya zilizolima mjini walikuwa na lishe bora kuliko wa kaya zisizolima, hasa ukipima urefu wao kwa umri. Mwaka 2006 sheria ndogo za jiji zikatambua rasmi kilimo cha mjini na kukiwekea taratibu, baada ya miaka mingi ambayo mkulima wa mjini alitazamwa kama mvunja sheria.

Likaja jaribio lingine Machi 2020, ugonjwa wa Corona. Misikiti ilifungwa, madrasa zilifungwa, na shule za Uganda hazikufunguliwa kikamilifu hadi Januari 2022. Hakuna nchi iliyofunga shule kwa muda mrefu kuliko sisi. Wenye vibanda na bodaboda walikosa riziki. Tulioishi hapa tuliona nyumba zenye hata mistari michache ya dodo zikiwapa majirani, na tuliona mabinti waliojifunza kufuma wakati ule kwa sababu jjajja na uzi walikuwa nyumba moja nao. Simaanishi kwamba bustani iliwatosha watu. Njaa ilikuwepo na tuliijua. Lakini nyumba iliyokuwa na kitu chake mkononi ilichelewa kuanguka.

DINI YETU INASEMAJE KUHUSU KAZI HIZI

Kuna wanaoziona kazi za nyumbani kuwa kazi za chini. Bibi Aisha (r.a.) aliulizwa Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini anapokuwa nyumbani. Akajibu kuwa alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake, na wakati wa swala ukifika alitoka kwenda kuswali. Katika mapokezi mengine imetajwa kuwa alishona nguo yake na kutengeneza kiatu chake. Akina baba, hili ni letu. Kumsomea mke hadithi za subira huku wewe umekaa unangoja sahani si sunna.

Mtume (s.a.w.) amefundisha vile vile kwamba hakuna chakula bora kuliko kile mtu anachokula kutokana na kazi ya mkono wake, na akamtaja Nabii Daud (a.s.) kuwa alikula kwa kazi ya mkono wake. Akafundisha kuwa Mwislamu akipanda mti au mmea, kisha akala humo ndege, mtu au mnyama, huandikiwa sadaka. Hivyo hata ndege wanaotuibia mapapai wanatuandikia kitu.

Yupo pia Bibi Zaynab bint Jahsh (r.a.). Mtume (s.a.w.) aliwaambia wake zake kuwa atakayemfuata mapema kuliko wote ni yule mwenye mkono mrefu zaidi. Wakawa wanapimana mikono. Zaynab alipotangulia wakafahamu kuwa mkono mrefu ni ule wa kutoa, kwani yeye alikuwa fundi wa mikono, akifanya kazi na kutoa sadaka kwa alichopata. Hakungoja kuwa tajiri ndipo atoe.

Hapo pana hukumu ambayo familia nyingi huisahau. Mwanamke akifuma kofia akaiuza, au akiuza mboga za bustani aliyolima kwa mali yake, pesa hiyo ni yake. Qur'an katika Suratun Nisaa aya ya 32 imeweka wazi kuwa wanaume wana fungu katika walichochuma na wanawake wana fungu katika walichochuma. Kulisha nyumba kunabaki kuwa wajibu wa mume. Mke akisaidia ni ihsani yake, naye ana thawabu. Mume anayechukua pesa ya kofia bila ridhaa ya mkewe amekula mali ya mtu. Tumeona vikundi vya kinamama vikivunjika kwa sababu hii, na tumeona wanawake wenye ufundi wakiacha kufuma kabisa, kwa kuwa hawaoni faida ya mikono yao. Ufundi hupotea pia kwa dhuluma.

TUFANYE NINI SASA?

Ukweli ni kwamba Kasubi ya leo si ile ya Muteesa. Lusuku limekuwa nyumba za kupanga, na wengi wetu tunaishi kwenye muzigo wa chumba kimoja. Hatuwezi kurudi kwenye lubugo, wala hakuna anayelazimika. Lakini yapo mambo madogo ambayo hata mwenye chumba kimoja anayaweza.

Kwanza, gunia moja la udongo mlangoni. Toboa mashimo pembeni, panda nakati, dodo au sukuma. Maji ya kuoshea mchele yanatosha kulinywesha. Maganda ya matooke yaoze vizuri yawe mbolea badala ya kwenda jalalani. Tuliona Agosti 2024 jinsi mlima wa taka wa Kiteezi ulivyoporomoka na kuua watu wengi, na sehemu kubwa ya taka za mji huu ni maganda na mabaki ya vyakula.

Pili, kila mtoto, wa kike na wa kiume, ajifunze kazi moja ya mikono kabla hajamaliza shule ya msingi. Kofia ya kufuma ni mwanzo mzuri, kwa sababu ni ndogo, uzi wake ni kidogo, na mtoto ataivaa mwenyewe. Wavulana wasicheke. Huko pwani wanaume pia hushona kofia, na aliyefuma mto ule wa Hispania anaweza kuwa mwanamume vile vile.

Tatu, wanafunzi wetu, hii ndiyo kazi yenu ya nyumbani. Mwendeeni jjajja na daftari. Muulizeni alifundishwa na nani kusuka au kufuma, alipanda migomba ya aina gani, na mwaka 1973 nyumba yao ilifulia nini. Andikeni jina lake juu ya ukurasa. Tulisema kuwa majina ya wanawake waliolisha kilima hiki hayakuandikwa. Haya yaliyobaki yaandikwe na nyinyi.

Qur'an katika Suratun Nahl aya ya 92 imetupigia mfano wa mwanamke aliyeusokota uzi wake ukawa madhubuti, kisha akaufumua vipande vipande. Aya ile inazungumzia kuvunja ahadi, na wanavyuoni wameieleza kwa maana hiyo. Lakini Allah (s.w.) alipotaka kutuonyesha hasara iliyo kubwa, alichagua kazi ya nyumbani ambayo kila mama anaijua uchungu wake. Kazi iliyosokotwa na wazee wetu kwa miaka mingi isifumuke katika kizazi chetu.

Tunamuomba Allah (s.w.) azibariki nyumba zetu, awalipe kheri kinamama waliotulea, na aijaalie mikono ya watoto wetu iwe mirefu katika kazi na katika kutoa. Amin.